Siku Ilinca Alipochagua Upasuaji

"Kaka, hiyo miguu ya nguruwe niachie miwili."

Ilinca alikuwa kwenye foleni ya mchinjaji, soko kuu la mji wa Iași, Romania, koti la kijani limemfika magotini, pua nyekundu kwa baridi. Mwanamume aliyemtangulia akageuka, kashika miguu minne ya mwisho.

"Supu?"

"Nashona. Jumatatu nina mtihani wa kushona vidonda."

Mwanamume huyo, Vlaicu, akacheka mpaka mchinjaji akamtazama. Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka mji mdogo wa jirani, na nyama ile alikuwa akiwanunulia wanafunzi aliowafundisha kushona kila Jumamosi. "Njoo tugawane," akasema.

Akaenda. Baridi yote ile akaenda, wakapendana.

"Mikono hii ni ya upasuaji, mpenzi," Vlaicu hakuchoka kumwambia. "Usije ukanipotelea kwenye chunusi za watu."

"Nikiogopa je?"

"Utanishika mimi."

Ikafika siku ya kuchagua fani. Madaktari wapya waliitwa ukumbini kwa kufuata alama, kila mmoja akatamka fani yake mbele ya wote. Ukishatamka, basi. Asubuhi hiyo Vlaicu akampigia simu.

"Ilinca, chagua magonjwa ya ngozi."

"Unanitania?"

"Sitanii. Upasuaji achana nao."

"Kumbe nilikuwa wa kushonea nguruwe tu? Sema una mwingine, yaishe!" Akakata.

Ukumbini, nambari ya Ilinca ilikuwa kumi na tisa. Walipofika kumi na tano, Vlaicu akaingia, ndevu za siku tatu, shati limekunjamana, akachutama kando ya kiti chake.

"Jana amenifia mama wa watoto wawili," akanong'ona. "Zamu ya siku ya tatu mfululizo, Ilinca. Mkono ulitetemeka. Hospitali nzima, wapasuaji tumebaki mimi na mzee Grigore tu. Nimeacha kazi, naenda Ujerumani, kwenye maabara. Twende wote."

Ilinca akamshika ule mkono. Ulikuwa bado unatetemeka. Hasira ikamwishia palepale.

"Pole, roho yangu. Ungeniambia."

"Kumi na tisa!"

Akasimama. "Upasuaji," akasema kwenye kipaza sauti, akataja na hospitali: ileile ya Vlaicu. Ukumbi ukaguna; hospitali ile ndogo hakuna aliyeitaka.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Vlaicu alilia bila kujificha.

"Mimi sitakuwepo, kipenzi. Siwezi tena."

"Najua." Akamfuta uso kwa skafu yake. "Nenda ukapone. Ila niachie funguo za nyumba. Mzee Grigore yuko peke yake, na mimi kule sina pa kulala."