Wingu Lililofungwa

Miaka ile reli ilipokuwa ingali mpya, Hafswa alimuoza bintiye Afaf katikati ya masika. Jamaa walimwonya kuwa mvua ingeharibu arusi. Yeye akaenda kimya kimya Bondeni kwa Bi Shariffa, ajuza aliyejulikana kwa kufunga mvua. Bi Shariffa alipiga fundo kwenye pindo la leso yake, akasema atalifungua mwenyewe arusi ikiisha.

Arusi ikapita, jua linawaka. Kesho yake Bi Shariffa akafa.

Fundo halikufunguliwa.

Jioni moja, fungate ingali inaendelea, Hafswa alipanda juu ya sakafu, paa bapa la nyumba yao ya Kibokoni, kuanua mashuka. Mumewe Hamid na mkwewe Taha walikuwa msikitini. Afaf alikuwa chumbani, chini.

Hafswa alitazama juu kama ilivyokuwa desturi yake. Mawingu akiyajua. Yale membamba ya juu kabisa, kama pamba iliyochambuliwa, hayana mvua, ila huleta habari kuwa hewa itabadilika. Yale yanayotanda kijivu bila mwanzo wala mwisho ndiyo masika yenyewe, yakishuka hunyesha kutwa. Na yale yanayorundikana kama minara, chini meusi, juu meupe, ni ya radi.

Lakini lililokuwa juu ya nyumba yake hakulijua.

Lilikuwa dogo, jeusi, limeshuka mno. Mawingu mengine yalisukumwa na upepo wa kusi. Hili halikwenda popote.

Njiwa wakanyamaza. Ikaja harufu ya udongo uliorowa... na ndani yake harufu ya karafuu maiti.

Tone... tone...

Hafswa akageuka. Pembeni mwa sakafu mtu alikuwa amechutama, amejitanda leso, anakamua shuka. Shuka lile Hafswa alikuwa amelishika sasa hivi, na lilikuwa kavu. Lakini maji yalimiminika, hayaishi.

“Hafswa,” sauti ikanong’ona. “Mzigo wanielemea.”

Aliijua sauti ile.

Mkono ukanyooshwa, umekunjamana kama uliokaa siku nyingi majini. Kwenye ngumi lilichomoza pindo la leso, na fundo lake.

“Nifungulie. Ndiwe uloniomba.”

Hafswa alijua kuwa ni haki yake kuambiwa vile. Hata hivyo mkono wake haukuinuka. Alianza kusoma Ayatul Kursi, ulimi ukakwama katikati. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

“Basi,” ile sauti ikasema, haina hasira. “Atanifungulia mwengine.”

Nyayo zikasikika ngazini.

Afaf alitokea, miguu mitupu, hina yake ingali nyekundu. Hafswa akanyoosha mkono kumzuia. Mwanawe akampita kama atembeaye usingizini, akachutama mbele ya ile leso, akaanza kulichokoa fundo kwa kucha. Taratibu.

Likafunguka.

Mvua ikashuka kana kwamba imemwagwa.

Wanaume waliporudi walimkuta Hafswa amemkumbatia Afaf juu ya sakafu, wote wameroa chapachapa. Chini, kichochoroni, vumbi lilikuwa kavu. Hafswa akamsimulia mumewe yote, na asubuhi Hamid alikwenda Bondeni kuuliza. Wanawake waliomwosha Bi Shariffa wakamwambia kwa sauti ya chini kuwa ngumi yake ya kulia ilikataa kufunguka, wakamkafini na kipande cha leso mkononi. Kisha wakamuuliza kama ajuza aliacha mrithi, kwani kazi ile haikai bila mwenyewe. Swali hilo Hamid hakumpelekea mkewe.

Afaf hakukumbuka lolote. Alikula, akacheka na mumewe, na Hafswa akaanza kupata usingizi.

Siku ya mwisho ya fungate Afaf alisimama dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe, safi kabisa.

“Kibarani itanyesha kabla ya adhuhuri,” alisema.

Binti ambaye tangu azaliwe hakuwahi kujali wingu. Na Kibarani ilinyesha.

Alasiri mlango ukabishwa. Hafswa alifungua, akamkuta mwanamke mgeni, anatoka Majengo, anaoza bintiye wiki ijayo. Alisema ameelekezwa nyumba hii. Nani aliyemwelekeza? Ajuza mmoja, alisema, amemkuta njiani, nguo zake zinachuruzika maji.

Hafswa alitaka kumwambia amepotea njia. Lakini Afaf alikuwa ameshafika nyuma yake, akamsogeza mamake kando, kwa adabu.

“Karibu ndani, mama,” akamwambia mgeni. “Waitaka mvua ingoje mpaka lini?”