Asiyepinga Amekubali

Asubuhi Bengaluru, kwenye hoteli za kahawa, watu hula wima kama farasi. Vaidehi, sari ya pamba ya kijani na kompyuta begani, alikuwa anamega mkate wake wa mchele mtu akamkumba. Mchuzi ukamrukia.

"Samahani, dada! Tatizo dogo, dawa ipo," alisema kijana mrefu mwenye shati lililokunjamana, akitoa leso.

Vaidehi akamkodolea macho. Maneno hayo aliyasoma mtandaoni kila siku. "Wewe si Sumukh wa betri?"

"Usiniambie ni Vaidehi! Yule mkali anayenifutia kazi?"

"Ukiandika ovyo nitafuta tena."

Kabla ya siku hiyo walikuwa wakitengeneza pamoja, bila kuonana, programu ya kuzuia betri za bajaji zisiungue. Kundi lao lilikuwa na watu hadi Chennai na Poland, na bosi halina. Aonaye ufa ndiye auzibaye. Mwenye wazo huliweka mbele ya wote. Siku aliyoitaja ikipita bila mtu kupinga, limekubaliwa. Kwa mtindo huo waliwaacha nyuma wahandisi wa mishahara minono, viwanda vikaanza kuwabishia hodi.

Mapenzi nayo yakajipanga yenyewe.

"Umekula, kipenzi?" Sumukh alikuwa akiuliza kwenye simu.

"Nimekula. Umerekebisha ile hesabu ya joto?"

"Nakuuliza ya moyo, wewe unaniuliza ya betri!"

Kisha kiwanda kimoja cha Ujerumani kikaomba mtu wa kundi akakae huko, miaka mitatu. Sumukh akaandika mbele ya wote: *Nitakwenda mimi. Mwenye pingamizi aseme kabla ya Ijumaa adhuhuri.*

Vaidehi aliandika, akafuta. Aseme nini mbele ya umati? Kwamba anampenda? Na mbona hakumwuliza yeye kwanza? Akanuna, akangoja simu.

Simu ikaja Ijumaa, adhuhuri imeshapita.

"Kwa hiyo niende," Sumukh alisema.

"Si umeshaamua?"

"Nililiweka pale ulipinge! Kila kitu changu unapinga, hata nukta. Hili ndilo ulilolinyamazia?"

"Mjinga we! Mtu anamwuliza mpenzi wake kwenye mkutano wa hadhara?"

Kisha Vaidehi akashusha sauti, "Basi jitoe."

"Nimeshawaandikia. Angalia mwenyewe."

Akaangalia. Mama wa Chennai alikuwa ameshachukua kazi za Sumukh, mzee wa Poland amepanga toleo jipya kwa kumtegemea huko, kiwanda kimetuma tiketi, na wote wanampongeza. Ombi lake la kujitoa lilikuwa chini kabisa, na pingamizi tayari tano, za adabu kabisa. Hakuna aliyemwamuru kwenda, basi hakuna wa kutengua amri.

"Tungekuwa na bosi," Vaidehi alisema, "ningekwenda nikampigie magoti."

"Na akikubali? Nikivunja ahadi, nani ataniamini tena? Hata wewe ungenifuta."

Vaidehi alijua ni kweli, angemfuta.

Siku ya safari alimsindikiza kwenye basi la uwanja wa ndege, maua ya asumini nyweleni, wanja umeshachafuka. Sumukh alikuwa amesimama mlangoni, abiria wakimsukuma.

"Napinga," Vaidehi alisema. "Nimechelewa, lakini napinga."

Sumukh alimtazama, akatazama watu wote waliomzunguka.

"Sasa nimwambie nani, mpenzi?"

Mlango ukajifunga.