Mwambie Baba Yako

“Mama, huu mfuko ameshona nani?”

Mwalimu wa nidhamu aliigeuza sketi ya bluu ndani nje, akailaza mezani. Kwenye pindo la chini, upande wa kulia, palikuwa na kimfuko chembamba cha kutosha simu moja. Kilishonwa kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, mshono umenyooka kama uliopigwa rula.

Fundi cherehani alikiangalia. Hakuhitaji kukiangalia mara mbili.

“Mimi.”

“Ulijua kwamba simu zimepigwa marufuku hapa shuleni?”

“Nilijua, mwalimu. Barua nilitia saini.”

“Ukatia saini, kisha ukaenda nyumbani ukashona mfuko.”

“Ndiyo.”

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa machozi au kwa uongo, maana wazazi humletea kimojawapo. Huyu hakuleta chochote. Alikaa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri basi ambalo hajali likija au lisipokuja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa miezi kumi na moja, tangu mimba yake ya pili iharibike ikiwa na miezi sita. Majirani walisema ana moyo mgumu, hata kulia hakulia. Moyo haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi tu. Alikula, alishona, alisali, akamshukuru Mungu kwa mdomo, na ndani kukawa kimya.

Binti yake alisimama kando ya kabati, amevaa suruali ya michezo kwa sababu sketi ndiyo ile mezani. Alikuwa kidato cha pili. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa kuwa alipokuwa na miaka miwili alirudia kila neno la wakubwa, mazuri na ya aibu, tena mbele ya wageni.

Mlango ukagongwa. Akaingia baba yake.

Mjini wote walimwita Cheche. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, na mikono ya mashati yake yote ilikuwa na vitundu vidogo vidogo vya moto. Viti vilikuwa viwili, vimebanana. Alivuta cha kwake pembeni kidogo, akakaa.

“Habari,” akasema, akiutazama ukuta.

“Nzuri,” mkewe akaiambia sketi.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote kwa mwaka mzima. Cheche alikuwa analala kwenye chumba cha nyuma cha karakana yake. Hapakuwa na ugomvi wa kuitana majina. Mkewe alifuta namba yake, naye akabadilisha laini, basi. Kila kitu kikawa kinapita kwa mtoto. Kasuku, mwambie baba yako maji yamekatika. Kasuku, mwambie mama yako nimetuma mtungi wa gesi.

Lakini miezi mitano ya mwisho, majibu ya Cheche yalibadilika. Yalikuja saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko ya shule, na yalikuwa matamu. Fundi hakutabasamu alipoyasoma, ila alisimamisha cherehani. Shule ilipokataza simu, kitu alichokifikiria kwanza kilikuwa ile saa nne. Ndipo akashona mfuko. “Ni kwa usalama wako,” alimwambia mtoto. Na kwa ajili ya jumbe hizo alikubali mwishowe kwamba Jumamosi Cheche arudi nyumbani. Leo ilikuwa Jumatano. Mashuka alishafua.

“Nimewaita wote wawili,” mwalimu alisema, “kwa sababu amekamatwa kipindi cha hesabu, anaandika chini ya dawati. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani, sasa ni wa thelathini na moja. Nikasema lazima kuna mvulana. Nikafungua simu nimjue huyo mvulana.”

“Mwalimu, naomba usisome,” Kasuku alisema.

“Nisiposoma mimi, utasoma wewe?”

Mtoto akainamisha kichwa.

Mwalimu akavaa miwani. “Jana. Saa nne na dakika mbili, baba ameandika: ‘Mwambie nimesikia.’ Maneno mawili. Saa nne na dakika sita, mama amepokea hivi: ‘Baba anasema, Mke wangu mpenzi, natumaini u mzima wa afya. Dhumuni la ujumbe huu ni kukujulisha kwamba Jumamosi naihesabu kwa vidole, na kila nikiwasha mashine naliona jina lako ndani ya moto.’”

Fundi aliujua ujumbe huo kwa moyo. Alikuwa amejiuliza Cheche, mtu asiyewahi kusema tafadhali maishani mwake, amejifunza wapi kusema “u mzima wa afya”. Akadhani amefundishwa na mzee mmoja wa karakana.

“Hii ni barua ya kirafiki,” mwalimu alisema. “Utangulizi wake, dhumuni lake, kila kitu. Kiswahili nafundisha mimi. Niliwafundisha muhula uliopita, na huyu nilimpa kumi na nane kwa ishirini.”

Akageuza simu kidogo.

“Na mama ameandika: ‘Mwambie akija asije na makelele yake.’ Baba akapokea: ‘Mama anasema nyumba imekuwa kubwa mno bila wewe.’”

Cheche akakohoa. Nje wanafunzi walikuwa wanapanga mistari, na mtu alikuwa anahesabu kwa sauti.

“Zote?” fundi akamwuliza mwanawe.

“Ile ya gesi ilikuwa yake.”

“Nimekuuliza, zote?”

“Zote, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu uliponiambia, mwambie asije tena kupiga hodi hapa. Nikaona nikimwambia hivyo hatakuja kweli.” Kasuku alikuwa anafuta pua kwa mkono wa fulana. “Nikisema mlivyosema, wewe unashona mpaka unasahau kula, na baba hajibu siku tatu. Nikibadilisha, mnatulia. Basi nikawa nabadilisha. Halafu mkawa mnajibu, ikabidi nibadilishe na majibu. Sikujua pa kuachia.”

Fundi alingoja aibu impande, au hasira. Haikupanda. Aliona tu kwamba kidole cha mtoto kina wino, na kwamba amekonda.

“Simu inabaki hapa mpaka shule ifungwe,” mwalimu alisema, akawasukumia karatasi. “Mtatia saini wote. Na wazazi wangu, niwaambie jambo moja. Simu ya mtoto nimeichukua. Midomo yenu sijaichukua.”

Wakatia saini. Cheche alibonyeza kalamu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Walitembea hadi getini pamoja kwa sababu njia ilikuwa moja.

“Ulijua?” fundi akauliza.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu ya kwanza. Wewe uniambie mimi umenikumbuka? Hata tulipokuwa wachumba ulikuwa unasema, ‘Ah, umefika.’ Basi.”

“Na ulinyamaza.”

“Zilikuwa nzuri, Mama Kasuku. Mtu akikuletea chai kwa makosa, na wewe una baridi, utamrudisha?”

“Mimi sikujua,” akasema. “Mimi niliamini.”

Cheche akasimama. Akaangalia viatu vyake.

“Kwa hiyo Jumamosi?”

“Jumamosi ilikuwa ya Kasuku. Si yangu wala si yako.”

Akavuka barabara bila kuaga.

Alhamisi, saa nne, mguu wake ulisimamisha cherehani wenyewe. Simu ilikuwa juu ya meza, giza tupu. Akaitazama kwa muda, akaendelea kushona. Ijumaa ikawa vile vile. Jioni ya Ijumaa, kabla taa hazijawashwa, alichukua wembe na kuanza kuufumua ule mfuko wa sketi. Kasuku alikuwa mezani na daftari la hesabu.

“Mama, damu.”

“Naiona.”

“Si unaumia?”

Alikiangalia kidole. Tone lilikuwa limeingia kwenye pindo la bluu. Akakifunga kwa kipande cha kitambaa.

“Mama, baba atakuja kesho?”

“Sijui. Sina namba yake.”

“Mimi naikumbuka. Nikutajie?”

“Usinitajie. Wewe fanya hesabu.”

Usiku huo hakuomba kwamba mume arudi, wala asirudi. Aliomba kitu kifupi: Mungu wangu, hata niumie basi.

Jumamosi mchana, Kasuku akiwa bado kwenye masomo ya ziada, hodi ikapigwa kwenye chumba cha mbele ambacho fundi alikuwa anashonea. Cheche alisimama mlangoni. Shati lilikuwa limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Mikono mitupu.

“Karibu.”

“Sikuleta begi.”

“Naona.”

“Nimekuja kusema kitu. Nilikiandika kwanza. Nilipokisoma nikaona kimekaa kama cha Kasuku, nikakichana.”

“Sema basi, nina kola za watu hapa.”

Aliegemea fremu ya mlango. Kisha akaona haifai kuegemea, akasimama wima.

“Siku ile ya hospitali. Nilikuambia simu iliisha chaji.”

“Uliniambia.”

“Haikuisha. Jirani alinipigia. Akaniambia mkeo anatoka damu, wanampeleka, kimbia. Nikamsikia vizuri sana. Nikaizima.”

Cherehani ikanyamaza.

“Ukaizima.”

“Kwa kidole hiki. Niliogopa. Nikasema nikifika nikakuta mmoja wenu amekufa, nitafanya nini mimi? Nikaendelea kuchomelea geti la watu mpaka jioni. Lilikuwa bovu, walilirudisha.”

Kitu kikaanza kumpanda fundi kutoka miguuni. Hakukitambua mara moja, kwa kuwa zilikuwa siku nyingi. Akasimama, na kigoda kikaanguka nyuma yake.

“Mara kumi na nne!” akapiga kelele. “Nimekupigia mara kumi na nne, nimelala kwenye kitanda cha mpira, nesi ananiambia mama tulia, mumeo yuko njiani! Nikawa nakutetea! Nikasema chaji! Mpaka leo namwambia kila mtu chaji! Mwanaume gani wewe?”

“Mwoga! Ndiyo nimekuja kukuambia, mwoga!”

“Nenda na uoga wako!”

“Na wewe!” Sauti ya Cheche nayo ikapanda, ikakatika katikati. “Nilipofika ulinitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita! Hukunililia, hukunitukana! Kama ungenitukana siku ile ningekaa! Alikuwa wangu pia yule! Nilishamchomelea kitanda!”

“Kitanda gani?”

“Kipo karakana. Nimekifunika turubai. Unadhani nalala kule kwa raha?”

Mama wa nyumba ya pili alifungua dirisha, akasikiliza, akalifunga polepole. Nao waliendelea, sauti juu ya sauti, kila mmoja akimkata mwenzake, mambo ya mwaka mzima yakitoka bila mpangilio: hospitali, gesi, mazishi ya dakika kumi, nani alisimama wapi. Hawakumwona Kasuku mpaka alipokuwa katikati ya chumba, begi begani.

“Kasuku!” mama yake akasema, anahema. “Mwambie baba yako kwamba mimi—”

“Kasuku, mwambie mama yako asikilize kwanza—”

Mtoto alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alivua viatu, akavipanga ukutani.

“Ambianeni wenyewe,” akasema. “Mko hatua mbili. Mimi nina hesabu.”

Akapita katikati yao, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu.

Wakabaki wanaangaliana. Ilikuwa mara ya kwanza fundi kumtazama mumewe usoni tangu kule hospitali. Alikuwa amezeeka upande wa macho. Zile mvi mbili za kidevuni hakuwa nazo zamani.

“Nilikuacha peke yako,” Cheche akasema, sauti sasa iko chini. “Ndilo hilo. Nisamehe. Ningependa kuongeza jambo zuri hapo mwisho, sina.”

“Usiongeze.”

Kola ya mteja aliyokuwa ameishika ilikuwa imelowa. Alishangaa maji yametoka wapi, akajigusa shavu. Akajua analia, na kumbe alikuwa analia tangu habari ya kitanda. Kifua kilimuuma vibaya, kilimuuma kweli kweli, mpaka akakishika kwa mkono.

“Niondoke?” Cheche akauliza.

Fundi alitikisa kichwa kukataa.

“Sijakusamehe.”

“Sawa.”

“Kesho nitaamka na hasira, na keshokutwa. Nitakutukana sana.”

“Nitukane. Nitakuwa nimekaa pale.”

“Na mtoto hatumwi tena neno. Hata la chumvi.”

“Hata la chumvi.”

Aliinua kigoda kilichoanguka, akapangusa macho kwa mkono wa gauni, akaisogeza ile kola pembeni ikauke.

“Kaa basi,” akamwambia. “Si hapo, Cheche! Hicho kitambaa ni cha watu.”