Kaka Mvumilivu wa Chumba cha Kulia

"Kama wewe ndiye mke wa fundi wa kuchomelea, habari zako tunazo zote, mwanangu," aliniambia mama muuza maziwa, kanishika mkono kama anamshika mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. "Ila umekosea mlango. Wanywaji wanakaa chumba cha kushoto."

Nikacheka. Nilikuwa na gauni la kutokea na nywele nilizojisuka mwenyewe siku mbili. Mlevi gani anapendeza hivi?

"Mimi sinywi, mama. Mnywaji ni mume wangu."

Watu tisa wakatazamana. Mzee mmoja mwenye miwani akamnong'oneza jirani yake kwamba wote huanza hivyohivyo.

Ngoja niwaeleze. Mume wangu mtaani wanamwita Cheche. Akiwa mzima, ana mkono mtulivu kuliko daktari wa meno. Akiwa amelewa, aliwahi kuchomelea geti la watu pamoja na nguzo zake, familia nzima ikashinda ndani hadi alasiri. Mimi ni msusi, na msusi hapitwi na habari. Mteja ndiye aliyenidokeza kuhusu vikao vya kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, ghorofani, nyuma ya zahanati. Kushoto wanakaa wanaotaka kuacha pombe. Kulia ndugu zao, waliochoka. Milango haina kibao ili mtu asiaibike, na mgeni haulizwi jina.

Nilimwambia Cheche achague: kikao, au mimi nirudi kwetu moja kwa moja. Akachagua kikao. Alhamisi kumi nilimsindikiza hadi chini ya ngazi, nikamweka sawa kola kama mtoto wa chekechea, nikarudi saluni. Pombe haikupungua. Nikajipa moyo kwamba dawa huchelewa kushika. Alhamisi ya kumi na moja nikaamua kupanda kimyakimya, nikae na hao ndugu waliochoka, labda wanifundishe kuishi na mgonjwa wangu.

"Mume wako huwa anakaa pale," muuza maziwa akanionyesha kiti cha dirishani. "Sisi tunamwita Mvumilivu. Juzi katusimulia ulivyoanguka juu ya masufuria msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa baba yake."

Baba mkwe wangu ni mzima wa afya, jana tu kanituma betri za redio. Aliyezikwa ni baba yangu. Aliyeangukia masufuria ni Cheche.

Wakaendelea kunihesabia dhambi zangu, kwa upole wa kuua. Nilivyovunja kioo cha kabati. Nilivyojikojolea kwenye kochi la shemeji. Yote yalitokea kweli, mwenyewe tu ndiye aliyebadilishwa. Na miaka yote hiyo Cheche aliniapia kwamba akilewa hakumbuki kitu.

"Ila linalotutoa machozi sisi ni lile la jioni," muuza maziwa akasema. "Anavyokaa jikoni, jiko kazima, ili asikie hatua zako nje. Ajue leo umerudi wewe au imerudi pombe."

Anayekaa hivyo jikoni ni mimi, na hilo sikuwahi kumwambia mtu. Kumbe alikuwa ananiona.

Mlango ukafunguka. Cheche huyo, shati jeupe, chupa ya chai ya kikao mkononi, pipi ya mnanaa mdomoni. Akaniona. Akaiweka chupa chini polepole, kama imejaa petroli.

"Siku ya kwanza nilipanga kuingia kushoto," akasema kabla sijamuuliza. "Nikasikia huku mwanamke anamlilia mume wake. Nikataka kujua na wewe unaliaje. Nyumbani hulii, unanitania tu."

"Sasa umeshajua."

"Nimejua."

"Na bado unakunywa?"

"Ndiyo maana nakunywa. Siwezi kurudi nyumbani na haya yote kichwani nikiwa sijalewa."

Muuza maziwa akataka kumwita Mvumilivu, jina likamwishia katikati.

Nikafungua mlango. Korido ile haizidi hatua nne.

"Haya, vuka. Kawaambie hayohayo, ila useme ni wewe."

"Nisindikize, mke wangu."

"Nimekusindikiza mara kumi."

Akavuka. Akashika kitasa. Kiganja kile chenye makovu ya moto kikakizungusha nusu. Ndani mtu akakohoa, wala si kwa ubaya, kikohozi cha kawaida. Cheche akakiachia kitasa, akashuka ngazi kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini. Hakugeuka.

Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: "Nisamehe. Nakupenda sana. Alhamisi ijayo naingia kweli."

Nikaandika "sawa". Nikafuta. Nikazima simu.

Nilirudi kuchukua mkoba wangu niondoke, lakini walikuwa wameshanisogezea kiti. Nikakaa. Mzee wa miwani akaniomba radhi kwa niaba ya wote, kisha akauliza taratibu kama nitaendelea kumngoja mume wangu.

Nikatafuta utani wa kumjibu. Haukuja. Nikalia kwa sauti mbele ya watu tisa nisiowajua majina, na aliyetaka kusikia ninavyolia alikuwa ameshaondoka.