Avenyu Isiyojua Wezi

Kitu cha kwanza alichokiona Fadhila katika avenyu ile kilikuwa sufuria. Zilikuwa zimeoshwa na kuinamishwa juu ya ukuta mfupi wa kando ya njia, na hapakuwa na mtu wa kuzichunga. Mbele kidogo kitenge kipya kilianikwa kwenye kamba iliyotokeza nje ya uzio, mahali ambapo mpita njia angenyoosha mkono tu akaondoka nacho. Uvira nzima watu huanua nguo zao kabla jua halijaigusa milima, hata zikiwa mbichi. Hapa jua lilikuwa limeshazama, na nguo zilining'inia kana kwamba zimesahauliwa.

"Umeona?" akamnong'oneza mumewe.

Ngongo alikuwa ameona, na alikuwa anatabasamu. "Hapa njo penyewe," akasema. "Hapa tutalala usingizi."

Usingizi ndio walioutafuta. Walikuwa wameoana kiangazi kilichopita, wakapewa chumba kwa kaka yake Ngongo kule Kalundu, karibu na bandari, ambako Ngongo hutengeneza moteri za mitumbwi. Ziwa lilipanda. Asubuhi walikuta vyura chini ya kitanda. Kisha wakaja wanaume wenye bunduki, wakavunja mlango na kumpiga kaka mtu mbele ya watoto wake mpaka akapoteza meno. Tangu siku hiyo Fadhila, aliyekuwa na mimba changa, alilala ameketi, mgongo ukutani.

Komisioneri wao, dalali wa nyumba, kijana mrefu aitwaye Nkeshimana, aliwazungusha mji mzima. Aliwaonyesha nyumba ya kando ya mto Mulongwe, ambayo alama ya tope la mafuriko ilifika mabegani. Aliwaonyesha nyingine iliyopakana na kambi ya askari. Ya tatu ilikuwa nzuri kweli, ila mwenye nyumba hiyo aligonga kidole kwenye tundu la risasi mlangoni akasema, "Hii ni ya zamani," kama mtu anayesifu rangi. Fadhila alipoanza kulia njiani, Nkeshimana alikuna kichwa.

"Iko moja Kasenga," akasema. "Etaji. Lakini minye siipendi kuionyesha."

"Iko na wezi?"

"Hapana. Wezi hawafikake kule." Walipofika pembeni mwa avenyu aliegemea pikipiki yake, hakuvuka. "Endeni tu. Papa Thaddée iko anangojea."

Papa Thaddée, mwenye nyumba, alikuwa mzee safi aliyevaa koti la suti juu ya ndala. Aliwapandisha ngazi za nje hadi ghorofani, akafungua vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji laini na dirisha la kutazama milima. Ziwa halikuonekana hata kidogo, na Fadhila alifurahi.

"Muko wawili?" aliuliza mzee.

"Karibuni watatu," Ngongo akajibu akicheka.

Papa Thaddée aliliangalia tumbo la Fadhila kama mkulima anavyoangalia wingu baada ya ukame. Kisha akawapa ufunguo. "Hamutautumia," akasema. "Huku hatufungake milango."

Walihamia wiki hiyo hiyo. Majirani walikuja na samaki wa ndagala, unga, hata mkaa. Marie-Jeanne, mama wa nyumba iliyotazamana nao, alimpigia Fadhila magoti kidogo alipomsalimu, na Fadhila akaona aibu, kwani mama yule alimpita umri. Lakini hakuna jirani aliyepanda ngazi. Walisimama chini, wakanyoosha mikono, wakapokelewa vitu vyao.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kila magharibi, muadhini akishanyamaza, chumba cha pili kilinuka majani ya ziwa yaliyooza na magamba ya samaki. Fadhila alisugua sakafu kwa sabuni, akachoma ganda la limau. Harufu ilingoja amalize, ikarudi.

Baada ya harufu zikaja nyayo. Zilikuwa za miguu yenye maji, taratibu, moja baada ya nyingine, zikipanda ngazi za nje na kukoma mlangoni. Ngongo alifungua, akakuta ngazi tupu, nazo ni kavu.

"Ni mbwa," akasema.

"Weye umeshasikia mbwa katika avenyu hii?" Fadhila akamuuliza.

Ngongo alifikiri. Hakuwa amesikia hata mmoja.

Siku moja ya joto, mchana kweupe, Fadhila alikuwa anashona kwenye cherehani yake karibu na dirisha, nguo ya mteja mapajani, mguu ukikanyaga, akili yake ikiwa mbali, ndipo alipotambua kwamba kwa muda mrefu, pengine tangu alipoketi, alikuwa anausikia wimbo, wimbo mdogo usio na maneno wa mtu anayembembeleza mtoto, na kwamba wimbo huo haukutoka njiani wala kwa majirani bali katika chumba cha pili, nyuma ya pazia, ukipanda na kushuka sawasawa na mguu wake, hata alipousimamisha mguu wimbo nao ukasimama. Hakuthubutu kugeuka. Alihisi ubaridi tumboni, akatazama chini. Kwenye gauni lake, juu ya kitovu, palikuwa pamelowa. Maji yalikuwa na umbo la kiganja, vidole vitano virefu kupita kiasi, na alipokuwa bado anakitazama, kiganja kile kilisogea polepole kama kinachotafuta mahali mtoto alipolaza kichwa.

Ngongo alimkuta chini, kwenye ngazi, ameketi juani.

"Tutoke," Fadhila akasema. "Leo."

"Twende wapi? Turudi kwa ile maji? Kwa wale wenye bunduki?" Kisha akaliona gauni. Alama ilikuwa haijakauka. Alikaa karibu naye, akaushika mkono wake, na sauti yake ikashuka. "Tumuite Shangazi."

Shangazi Kadija, dada wa baba yake Fadhila, aliishi Kavimvira. Watu wa Uvira walimwendea kwa siri, Waislamu na walokole vilevile, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi kwa mambo ya majini. Alifika Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na mtungi wa maji, chetezo na ubani. Alipokanyaga ngazi ya kwanza alisimama.

"Nani aliwaambia hii nyumba iko salama?"

"Wote," akajibu Ngongo.

"Njo vile." Akapanda.

Alimketisha Fadhila kwenye mkeka katika chumba cha pili, akamfunika shuka jeupe, akamwambia Ngongo amshike mikono na asimwachie hata akisikia nini. Moshi wa ubani ulijaa. Shangazi alisoma, sauti yake ya chini ikienda mbele na kurudi kama ufagio, na jua lilipoanza kuzama nyuma ya milima, mikono ya Fadhila ndani ya mikono ya Ngongo ikawa baridi, ikalowa, ikawa na utelezi wa samaki, na kutoka chini ya shuka ikatoka sauti ya mwanamke mzee aliyechoka.

"Munanifukuza kwangu juu ya nini?"

"Kwako ni ziwani," Shangazi akasema.

"Nilitolewa ziwani. Nilibebwa. Kila nyumba ya njia hii ilileta mtungi wake, wakanibeba wakiimba, wakanijengea. Waliniambia: linda milango yetu, na atakayezaliwa huku juu ni wako. Nimelinda. Muulizeni Thaddée kama sijalinda."

Ngongo alitaka kuiachia ile mikono, na mwili wake wote ulimwambia aiachie, maana haikuwa tena mikono ya mkewe, vidole vilikuwa vimerefuka vikamzunguka mpaka kwenye viwiko, lakini alifumba macho akajilaza juu yake na kuliita jina lake, Fadhila, Fadhila, huku machozi yakimtoka na Shangazi akipandisha sauti, akisoma Aya ya Kursi bila kuvuta pumzi, akimwaga maji kizingitini, akiliamuru jini kwa jina la Mola wa viumbe vyote lishuke lilikopandia, na wimbo ule usio na maneno ukaanza tena, safari hii kwa kilio, ukapita kati yao, ukapita mlangoni, ukashuka ngazi.

Madumu ya maji yaliyokuwa sebuleni yalianguka yote pamoja, na maji yakashuka ngazi kwa kishindo. Huko chini, kwa mara ya kwanza, mbwa walibweka.

Fadhila alifungua macho. "Nina njaa," akasema, na Ngongo akacheka na kulia.

Lakini Shangazi alikuwa dirishani. Majirani wote walikuwa wametoka, wamesimama njiani kimya, wakiyatazama maji yanavyoteremka kuelekea ziwani. Hakuna aliyemsalimu.

Juma halikuisha. Wenye bunduki walikuja avenyu ile, wakaingia kwa Marie-Jeanne, ambaye mlango wake haukuwa na hata komeo. Mumewe alipigwa kitako cha bunduki. Aliishi, lakini mkono wake wa kuume haukunyanyuka tena. Kulipokucha, avenyu nzima ilikuwa chini ya ngazi.

"Mumefungua avenyu yetu," Papa Thaddée akasema. Hakupaza sauti. "Wakati wa vita tulizika watoto hapa, wengi. Tukaenda kwa muntu mwenye kujua, akatufungia njia. Toka hapo hatukuzika mwingine."

"Na waliokaa huku juu mbele yetu?" Ngongo akauliza. "Wale walizika wangapi?"

Watu walitazama chini. Marie-Jeanne peke yake aliinua uso, shavu lake limevimba. "Walikuwa wageni," akasema. "Mama Fadhila, mumuite arudi. Tafazali. Weye unaweza kupata mimba ingine."

Fadhila alishuka ngazi akiwa na kichwa cha cherehani kifuani, akapita katikati yao. Walimpisha.

Walikwenda kukaa uani kwa Shangazi, katika chumba cha mabati chenye joto la tanuri. Mtoto alizaliwa humo, msichana, analia kwa nguvu. Wakamwita Louise, jina la mkunga aliyempokea, na Shangazi akanung'unika kidogo kisha akazoea. Fadhila hakunyamaza. Kila mteja aliyekuja kushona alimwambia: ukisikia etaji ya Kasenga, usiende. Aliwaambia wanawake wa soko, Nkeshimana na makomisioneri wenzake, mabibi harusi waliokuja kupimwa gauni. Mji ukasikia. Alijua ameokoa watu, na jambo hilo lilimtuliza.

Msimu wa mvua ulipoisha, Marie-Jeanne alikuja kwenye kibanda ambamo Fadhila alishonea. Alikuwa amekonda. Alimsalimu, akamwangalia mtoto aliyelala kwenye kikapu, akasema ni mzuri. Fadhila hakujua la kufanya, akampa kiti.

"Avenyu iko aje?" akauliza mwishowe.

"Iko salama tena."

Fadhila aliuacha mkasi. "Nani iko anakaa kule juu?"

Marie-Jeanne alikunjua kitenge alichokuja nacho, akakipapasa na kukipapasa juu ya meza mpaka kikanyooka kabisa.

"Weye uliambia muji wote," akasema. "Tulingoja. Wageni hawakukuya tena, hata mumoja. Na wale wenye bunduki walirudi mara ya pili, wakaua mutoto wa jirani. Watu wakasema, basi, tumuite arudi, kila nyumba itatoa wake, na ianze na nyumba yenye iko na binti mwenye ameolewa." Akamtazama tena mtoto kikapuni. "Binti yangu Délice, mwenye alikuwa ameolewa mbali, anapenda ile nyumba. Anasema iko na upepo muzuri. Sikumuambia kitu."

Akakisukuma kitenge kwa Fadhila.

"Ni yake. Umushonee gauni pana," akasema, "kwenye tumbo. Amefika mwezi wa saba."