Mlango Uliomchelewesha Mama

Fundi Saa aliishi na mkewe, baba yake na mama yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Hata saa iliyokufa miaka kumi, yeye aliifufua. Watu walimsifu, na sifa hizo, jamani, zilimlevya. Aliamini hakuna chombo cha kumshinda.

Wazee wake wote wawili walikuwa na pumu. Ndiyo maana alinunua gari. Lakini mlango wa gereji ulikuwa mzito, wa bati nene, unaopanda juu. Siku moja akarudi na mota ya kuufungua. Alichukua ya kwanza aliyoiona dukani.

"Muite Bi Bawaba," mkewe alimwambia. Bi Bawaba, jirani yao, alikuwa fundi wa milango.

"Wa nini? Nafunga springi za saa, nyembamba kama unywele. Mlango ndio utanishinda?"

Akaifunga mwenyewe. Kwenye reli ya mota palining'inia kamba nyekundu, inakwaruza paa la gari. Akaikata, akaitupa. Kisha akabonyeza rimoti. Mota ilinguruma kama mashine ya kusaga, lakini mlango ulipanda. Mama akapiga makofi.

"Huyu nimemzaa mimi!" alisema.

Mwezi haukuisha. Mchana mmoja Mama alibanwa na kifua. Dawa ya kuvuta haikumsaidia. Wakamweka garini. Fundi Saa akabonyeza rimoti. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika! Akaukamata mlango kwa mikono, akavuta mpaka kucha zikatoka damu. Haukusogea. Mota ilikuwa imeushikilia.

"Taratibu, mwanangu," Mama alisema kwa shida.

Hakusema tena. Wakambeba mpaka barabarani, wakaomba gari la watu. Walipofika hospitali, alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi, Mzee, baba yake, hakumlaumu mwanawe. Hakumwambia chochote. Ukimya ule ulimuuma Fundi Saa kuliko matusi. Mwishowe akamwita Bi Bawaba gerejini.

"Dada, nieleze. Usinifiche."

Bi Bawaba akatazama juu. "Kamba nyekundu iko wapi?"

"Niliikata. Ilikuwa inakwaruza gari."

Bi Bawaba akakaa juu ya ndoo. "Kaka, kamba ile ndiyo inayoachanisha mota na mlango. Umeme ukikatika, unaivuta, kisha unafungua kwa mkono."

"Basi nimemuua mama yangu." Fundi Saa akalia kama mtoto.

"Hilo silijui, wala wewe hulijui. Ninalojua ni kwamba mzee wako bado yupo, na kifua chake ni kibovu vilevile. Inuka tufanye kazi."

Bi Bawaba akafunga kamba mpya, akaivuta. Wakainua mlango mpaka kiunoni, wakauachia na kuruka nyuma. Pu! Ukaanguka.

"Umeona? Mlango usio na hitilafu ungebaki hapohapo. Huu springi zake zimechoka. Mota ilikuwa inabeba mzigo usio wake."

Fundi Saa akanyoosha mkono kwenye springi.

"Acha! Springi ya saa itakuchoma kidole. Hii itakuvunja mkono. Hiyo ni kazi yangu, na nina zana zake."

"Na mota je?"

"Kwanza mlango, ndipo mota. Tutaupima uzito, tutafute mota inayoumudu. Chumba cha Mzee kimepakana na gereji, kwa hiyo chukua ya mkanda. Ya cheni ina kelele. Umeme wetu unaujua, basi iwe na betri ya akiba. Iwe na vijicho chini, pande zote mbili. Mtoto akipita wakati mlango unashuka, unarudi juu."

"Na kamba?"

"Haikatwi! Ivute mlango ukiwa umefungwa. Ukiwa wazi, unaweza kukuangukia. Na kila mtu humu ajue kuivuta, siyo wewe fundi peke yako."

Walifanya hivyo. Mke alijaribu kamba, hata Mzee alijaribu, bila kusema neno. Kila mwezi walizima umeme makusudi kuijaribu betri.

Msimu wa baridi Mzee akabanwa. Umeme ulikuwa umekatika tena, na Fundi Saa alikuwa kazini. Mkewe akamweka Mzee garini, akabonyeza rimoti. Mlango ukapanda polepole, kwa betri. Wakawahi.

Fundi Saa alifika hospitali akihema. Alimkuta baba yake ameketi kitandani, anapumua vizuri. Akasimama mlangoni, machozi yakamtoka.

"Mbona unalia?" Mzee akauliza. "Si nimepona?"

"Umepona, baba. Nashukuru."

"Unamlilia mama yako."

"Ndiyo, baba."

Mzee akasogea kidogo, akampisha nafasi kitandani.

"Njoo ukae," alisema. "Mimi pia namlilia kila siku, na nimechoka kumlilia peke yangu."