Magadi Katika Sufuria ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorice alijaza maji kwenye chupa moja ndogo, akaiweka mezani kando ya rozari ya mama yake. Hayo ndiyo yalikuwa maji ya Mama ya siku nzima: ya kunywa, ya chai, hata ya kumezea dawa. Figo za Mama zilikuwa zimeshindwa kazi, na maji aliyokunywa hayakuwa na njia ya kutoka. Yalibaki mwilini mpaka siku ya kwenda hospitali, pale Mpanda, damu yake ipitishwe kwenye mashine na kusafishwa.

Hata hivyo, nyumba ile ilikuwa na tumaini. Mjomba Damiano, mdogo wake Mama, aliacha mashamba yake ya mpunga kule Kibaoni, akaja kupimwa. Figo yake moja ikaonekana inamfaa dada yake. Safari ya Dodoma kwenda kupandikizwa ilikuwa imekaribia, lakini daktari alitoa onyo: "Akivimba, tutaahirisha." Neno hilo lilimkaa Dorice kooni kama mwiba wa samaki.

Dorice ndiye aliyepika. Chakula cha Mama kilikuwa na kisufuria chake, kisichotiwa chumvi kabisa. Mama alikula matonge mawili, akasukuma sahani. "Mwanangu, ni kama natafuna kitambaa. Nimeshukuru."

Siku moja, wakiwa bombani, Dorice alimweleza rafiki yake Queen.

"Si umtilie magadi?" alisema Queen.

"Sista wa hospitali alikataza chumvi."

"Kwani magadi ni chumvi? Magadi ni mawe, bwana! Bibi yangu anatia kwenye mlenda tangu zamani, na mbio anakushinda wewe."

Dorice alicheka. Lakini alikumbuka maneno ya Sista Scolastica, muuguzi wa mashine: "Usitie kitu kipya kwenye chakula cha mama yako kabla hujaniuliza." Angemuuliza, ila Mama alikuwa anazidi kukonda.

Jioni ile alitia magadi kidogo kwenye mlenda wa bamia. Mama alikula, akalamba vidole. "Leo Mungu amenirudishia ulimi!" Kesho yake Dorice akatia tena, akaongeza.

Ndipo kiu ikaja. Chupa iliisha kabla ya adhuhuri. Mama alizuia, akasali, akashindwa, akainuka mwenyewe kwenda mtungini. "Kiu hii siijui," alisema. "Haikuwa hivi." Dorice, aliyekuwa akiuonja mlenda ule, alihisi ulimi wake nao umekauka. Akayasukuma magadi nyuma ya masufuria.

Siku ya mashine ilipofika, miguu ya Mama ilikuwa imevimba, na pumzi ilitoka kwa shida. Alipopanda mizani, Sista Scolastica aliangalia, akaangalia tena.

"Mama Dorice, umekunywa maji mengi."

"Nimekunywa, Sista. Kiu ilinizidi."

Mjomba Damiano alishindwa kuvumilia. "Dada! Mimi nimekubali kukatwa figo, wewe unashindwa kuacha kikombe cha maji?"

"Itabidi nimwambie daktari," alisema Sista kwa huzuni. "Asiyeweza kujizuia leo, figo mpya ataitunzaje?"

Mama hakujitetea. Machozi yalimtiririka, naye hata nguvu ya kuyafuta hakuwa nayo. Dorice aliona safari ya Dodoma inaponyoka, na mama yake anabeba kosa lisilo lake.

"Sista, siyo Mama. Ni mimi. Nilimtilia magadi kwenye mboga."

"Magadi?" Mjomba alishangaa. "Mbona magadi siyo chumvi?"

"Ndivyo mnavyodhani nyie wote," alisema Sista. "Kile kilicho kwenye chumvi, magadi nayo yanacho. Yanaleta kiu, na maji yanajaa mwilini. Sasa nimeelewa. Umefanya vizuri kusema, Dorice. Tuwahi."

Mama alilazwa, mashine ikaanza kunguruma. Dorice alishika rozari ya mama yake, akihesabu pumzi badala ya sala. Polepole pumzi zikatulia.

"Dada, nisamehe," Mjomba alisema. "Nimekuhukumu bure."

Mama alifungua macho. "Figo nitaipokea. Ulimi wako huo mkali, baki nao."

Wakacheka, Dorice akiwa bado analia.

Tangu siku hiyo Dorice aliuliza kwanza. Sista alimruhusu kukamulia limau kidogo na kutia kitunguu saumu. Uvimbe ukapungua, na daktari akaruhusu safari. Dorice akabaki kwa bibi wa rafiki yake Queen, analala na simu chini ya mto.

Simu ilipolia, alikuwa Mjomba, sauti yake dhaifu lakini ya shangwe. "Dorice! Mama yako amekojoa! Figo inafanya kazi!"

Dorice alikimbia mpaka hospitali kumwambia Sista Scolastica. Sista alipiga ishara ya msalaba, kisha akamshika mabega.

"Tuendelee kumwombea, maana figo mpya ni ya kutunzwa maisha yote. Na wewe shika hili, mwanangu. Kumpenda mgonjwa hakutoshi, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mficha kosa naye ni hivyohivyo. Siku ile ungenyamaza, leo tungekuwa tunalia."